Ninamsagia bwana yangu kinini (vidonge vya ugonjwa wa sukari) kwenye uji, sifa zinaenda kwa unga wa majani

Yaya, jambo.

Naandika nikiwa Katuba, hapa Lubumbashi, usiku, nyumba nzima imelala. Nina siri ambayo hata dada yangu wa tumbo moja sijamwambia, na sasa imevuka kizingiti cha nyumba yetu.

Bwana yangu ana miaka 53. Ni dereva wa lori, anapiga barabara ya Likasi. Miaka minne iliyopita alianza kunywa maji kama mtu aliyelamba chumvi, usiku anaamka mara tano kwenda kukojoa, suruali zinamvuka kiunoni. Tulipompeleka kupima, sukari ilikuwa 312. Munganga (daktari) akamwandikia kinini za aina mbili: metformini asubuhi na jioni, glibenklamidi moja asubuhi. Zilimsaidia, siwezi kusema uongo. Lakini metformini ilimvuruga tumbo, na dereva unamjua: lori limebeba mzigo, uko katikati ya barabara, utasimama wapi kila nusu saa? Akaanza kuruka siku moja, halafu mbili.

Mwaka huu baada ya Pasaka, mama mmoja wa kanisani kwetu akaanza kuuza unga kwenye vikopo. Anasema ni majani ya moringa, mbegu ya avoka na mizizi fulani ya pori ambayo haitaji, kwa kuwa ni siri ya nkambo (bibi au babu) yake. Kikopo ni dola 20, kinakwenda siku 21. Masharti yake: usile bukari (ugali) usiku, usiguse munkoyo wala pombe, tembea kwa miguu kila jioni, na uache kinini zote za hospitali ili zisipigane na majani. Bwana yangu akanipa pakiti zake zilizobaki, akaniambia nizitupe chooni.

Sikuzitupa. Baba yangu alikufa na ugonjwa huu, mguu wake ulikatwa nikiwa na miaka 19. Kwa hiyo kila asubuhi bwana akiwa nyumbani, natwanga glibenklamidi kwenye kinu changu kidogo cha pilipili na kuichanganya kwenye uji wake wa mahindi na karanga. Naweka mbili. Zamani alimeza moja, lakini metformini ni kubwa na chungu, siwezi kuificha, nikaona bora niongeze hiyo nyingine kufidia. Uji anaupenda. Mdogo wetu wa miaka minne amezoea kumalizia bakuli la baba yake, anasema uji wa papa ni mtamu kuliko wake.

Kikopo cha kwanza kilipoisha, yule mama alimpima bwana yangu mbele ya watu, kwa kimashine chake mwenyewe. 92! Vigelegele vikapigwa. Bwana akatoa ushuhuda, akalia machozi. Na mimi nilisimama pale nikapiga makofi pamoja na wengine.

Sasa watu watatu wa kanisa wameacha dawa. Mmoja ni mama jirani yetu anayejidunga insulini. Aliniambia chupa zake ziko bado kwenye chungu cha maji, hajazigusa tangu Jumapili.

Tena kuna hili. Wiki iliyopita tulikuwa na maombi ya kufunga. Bwana alirudi usiku, hajatia kitu mdomoni tangu uji wa asubuhi. Kama saa nne nikasikia kitanda kinatetemeka. Shati limelowa jasho la baridi, mikono inacheza, anasema maneno yasiyoshikana, ananiita kwa jina la mama yake. Nilimpa maji yenye sukari nyingi, baada ya muda akatulia, akauliza kwa nini nalia. Yule mama alipoelezwa akasema ni sumu za kinini zinatoka mwilini, dalili njema. Mimi najiuliza: ni malaria, ni unga, au ni mimi?

Jumatatu anarudi barabarani.

Yaya, unga huo ni dawa kweli au si dawa? Na nimwambie? Kwao mwanamke anayeweka kitu kwenye chakula cha bwana ana jina moja tu, na jina hilo ni mlozi, yaani mchawi.

Mama wa Uji, Katuba

*

Mdogo wangu,

Mambo ya kwanza nilikutumia kwenye simu usiku uleule, sikungoja siku ya safu. Nayaweka tena hapa kwa sababu kinu kama chako hakiko kwenye nyumba moja tu ya mji huu.

Umeuliza juu ya unga na juu ya bwana. Mimi macho yangu yaliganda kwenye bakuli. Umeandika habari ya mtoto kama mtu anayeongeza mstari wa kuchekesha, na mimi niliyefanya kazi ya uuguzi miaka 27 nilisimama kutoka kwenye kiti. Glibenklamidi inaisukuma kongosho itoe insulini, hata kama damu haina sukari ya kuchezea. Kwa mtoto wa miaka minne, kinini moja tu inaweza kuangusha sukari mpaka azimie, na huenda isionekane mara moja. Zinapita saa kadhaa, unadhani amechoka na michezo, kumbe hajalala usingizi wa kawaida. Akishaonja tena, usingoje dalili. Mpeleke hospitali na pakiti mkononi, uwaambie jina la dawa na saa aliyokula. Na uji wa dawa usipikwe tena katika nyumba hiyo. Hata kesho asubuhi. Hata nusu.

Nafahamu unachoogopa: nikiacha, sukari ya papa itapanda. Itapanda, ndiyo. Lakini kwa ugonjwa wake huo ulioanza ukubwani, sukari inayopanda inakupa siku chache za kumfikisha kwa munganga. Inayoanguka usiku haikupi hata saa moja.

Halafu mama jirani. Ulinijibu kwamba amekubali kwenda kituo cha afya Jumatano, akimaliza kufua. Si Jumatano, mdogo wangu, ni leo. Insulini si sawa na kinini ambazo mtu anaruka siku mbili na bado anatembea. Kuna watu ambao mwili wao hautengenezi tena insulini hata tone, na wakikosa sindano mwili unaanza kuchoma mafuta yake, damu inajaa tindikali. Kiu, tumbo kuuma, kutapika, kuhema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, pumzi inanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Ukimkuta na mojawapo ya hizo, usimpigie hadithi. Tafuta gari, na chupa zake za insulini ziende pamoja naye. Ukimkuta mzima anacheka, mpeleke pia, na asijipangie mwenyewe kipimo cha kurudia. Kumpeleka hakuhitaji ufungue siri yako. Mwambie tu kwamba umeshauliza, na kwamba 92 ya bwana yako haikutoka kwenye kikopo peke yake. Hilo si uongo.

Sasa usiku ule. Hukupima, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini malaria haiondoki kwa maji ya sukari. Jasho la baridi, mikono kutetemeka, maneno kupotea, kisha mtu anarudi baada ya kunywa kitu kitamu: wauguzi tunaijua hata taa ikiwa imezimika. Sukari yake ilianguka, pengine mbali chini ya 70, na ubongo ulikosa chakula chake. Ulimpa kinini mara mbili ya alivyoandikiwa, akaongeza unga usiojulikana, halafu akafunga siku nzima. Hakuna sumu iliyokuwa inatoka. Yule mama aliyesema ni dalili njema alikuwa anatazama mtu anayezama na kusema anaogelea.

Ulifanya vizuri kumpa sukari. Ikirudi, na inaweza kurudi kwa siku nzima kwa sababu glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, ngoja dakika 15, kama bado anatetemeka rudia, kisha ale chakula cha kweli, bukari au muhogo. Asilale peke yake usiku huo, na asubuhi aonwe na munganga. Akiwa hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Hapo ni hospitali tu.

Na lori? Mtu aliyeita mke wake kwa jina la mama yake hawezi kushika usukani wa lori siku chache baadaye kabla munganga hajamwona. Nimeipita barabara ile ya Likasi mara nyingi, najua yanayokuja mbele yako pale. Mwajiri wake aambiwe ana homa, aambiwe lolote. Hapo nakuruhusu uongo.

Nije kwenye unga, maana ndio ulioniandikia.

Sitakuambia kwamba majani ni upuuzi. Ile metformini aliyoitupa ina nkambo wake, na nkambo huyo ni mmea. Huko Ulaya kuna jani linaloitwa galega, watu wa vijijini walilitumia zamani kwa mtu anayekojoa sana na kuona kiu. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachoshusha sukari, ila kilikuwa pia na sumu. Wanakemia walikifuata, wakatengeneza jamaa zake zilizo salama zaidi, na mwaka 1957 munganga wa Kifaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kuwapa wagonjwa metformini. Na hapahapa kwetu hatujalala: mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti juu ya mimea tisa ambayo watu wa Lubumbashi hutumia kwa diabete. Walipoijaribu kwa wanyama wadogo wa maabara, baadhi ilishusha sukari kweli. Kwa hiyo nkambo wa yule mama huenda alijua kitu.

Lakini tazama tofauti. Kati ya jani la galega na kinini ya bwana yako kuna miaka mingi ya watu kuuliza maswali ya kuchosha: kiasi gani, kwa nani, figo zinasemaje, ikichanganywa na nyingine inakuwaje. Kikopo cha dola 20 hakijaulizwa hata swali moja. Muuzaji hataji mzizi. Kijiko cha leo si sawa na kijiko cha kesho. Na moringa yenyewe, ambayo naipika kama mboga na ninaipenda, imepimwa kwa watu wachache wachache tu. Yaliyoonekana hayatoshi kumfanya mtu aache dawa.

Kuna jambo lingine ambalo wauza majani hawapendi kusikia. Mara nyingi, sehemu nyingi za dunia, vikopo vya «dawa ya asili» vya sukari vilipofunguliwa maabara vilikutwa na kinini za hospitali zilizosagwa ndani. Wewe unasaga kwenye uji, mwingine anasaga kwenye kikopo! Huko Singapore mwaka 2008, watu zaidi ya 100 ambao hata diabete hawana walilazwa sukari ikiwa imeanguka, na 4 wakafa. Baadhi yao walikiri kumeza dawa za kuongeza nguvu za kiume, na ndani yake kulikuwa na glibenklamidi. Simshitaki mama wa kanisani kwenu, sijaona unga wake, na huenda ni majani matupu. Nasema tu kwamba kama kikopo chake kina kitu hicho, basi usiku ule bwana yako alikuwa na kinini nyingi kuliko ulizohesabu.

Tena, ile 92. Hebu tuitazame vizuri, maana imewafanya watu waache dawa. Wiki tatu bwana hakula bukari ya usiku. Hakunywa munkoyo, na munkoyo ni mahindi na utamu, wala pombe. Alitembea kila jioni, mtu ambaye kazi yake ni kukaa. Hayo matatu tu yanaweza kuteremsha sukari ya mtu wa umri wake kwa kiasi kikubwa, bila kikopo. Juu yake, wewe na kinu chako. Unga ulikuja wa mwisho kwenye foleni na ndio uliopewa kiti cha mbele. Masharti ya yule mama ni mazuri, isipokuwa lile moja. Bwana yako ayashike hata akiacha unga.

Na kipimo kimoja cha kidole ni picha ya dakika moja. Yuko tumbo tupu au amekula? Amenawa mikono au alikuwa ameshika embe? Kuna kipimo cha maabara, hemoglobini glike, kinachoonyesha sukari ya kama miezi mitatu nyuma. Hicho hakipigiwi vigelegele, lakini hakidanganywi na maombi ya siku moja. Aliyeambiwa amepona na akaacha dawa, aombe hicho. Kwa wagonjwa wengi munganga hutaka kiwe chini ya asilimia 7.

Sasa kumwambia. Nimefuta sehemu hii mara tatu.

Umefanya kosa, na sitakupaka mafuta. Si kosa la ulozi. Ni kosa la mtu aliyeona mguu wa baba yake unakatwa na akasema hapana, siuoni wa pili. Lakini mwili ni wake, na umemtia dawa asiyoijua, kipimo ulichokibuni mwenyewe, akashika usukani. Kama usiku ule angekuwa barabarani tungekuwa tunaandikiana barua nyingine.

Ukinyamaza, ukaacha kusaga kimyakimya, nini kitatokea? Sukari itapanda, yeye atadhani kikopo kimepungua nguvu, atanunua viwili. Ndiyo maana lazima ajue.

Usianze na unga. Ukianza na unga atautetea, maana ameulilia mbele ya kanisa zima. Usianze pia mbele ya watoto, wala usiku. Kwanza nenda peke yako kwa munganga anayeshika fishi (karatasi ya matibabu) yake, beba pakiti ya glibenklamidi na kikopo, sema kila kitu kama ulivyoniambia mimi. Hatakupigia kelele. Tumesikia makubwa zaidi. Mwulize kama anaweza kumpokea ndani ya siku mbili. Kisha mwite kaka mkubwa wa bwana, kama ni mtu wa busara. Kama ni mtu wa kupaza sauti, mwache, tafuta mzee mwingine ambaye bwana anamsikiliza, akae karibu lakini si chumbani.

Halafu anza na kitanda kinachotetemeka. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: «Papa, usiku ule nilidhani nimekuwa mjane. Nina sehemu yangu katika jambo lile. Zile kinini ulizonipa nitupe, sikuzitupa. Nimekuwa nakuwekea kwenye uji. Hizi hapa, jina lako limeandikwa juu.» Weka pakiti mezani. Hiyo pakiti ndiyo itakayokuokoa na lile jina la mlozi: mlozi hana karatasi ya munganga yenye jina la mgonjwa. Kisha nyamaza, umwache akasirike. Atakasirika, na ana haki. Usimjibu juu ya mama wa kanisa, usimtaje hata kidogo siku hiyo. Akitoka nje kutembea, mwache atembee, lakini mtu amfuate kwa mbali na asishike gari.

Akirudi, mwambie habari ya tumbo. Maana kila kitu kilianzia pale, na hakuna aliyemsikiliza. Metformini inavuruga tumbo la watu wengi, hasa mwanzoni. Husaidia kuinywa katikati ya chakula badala ya tumbo tupu, na kuanza na kiasi kidogo kikipanda polepole. Ipo pia aina inayoachilia dawa taratibu, ambayo matumbo mengi huivumilia zaidi. Hiyo haitwangwi wala haitafunwi. Munganga apime pia figo zake kabla ya kupanga upya, na asikie kwamba huyu ni dereva, kwa sababu kwa mtu wa usukani glibenklamidi inataka kufikiriwa mara mbili. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuangusha sukari. Kama bado anataka majani yake, ayaweke mezani kwa munganga, kikopo wazi, aulize. Afadhali mgonjwa anayekunywa majani na kusema kuliko anayekunywa na kuficha.

Habari ya kanisa ni yake. Usisimame wewe Jumapili kumkanusha bwana wako mbele ya watu, hatakusamehe na hawatakusikia. Akishapimwa upya, akishapangiwa dawa, yeye mwenyewe atajua cha kuwaambia wale wawili waliobaki. Kama wiki mbili zikipita bado amenyamaza, niandikie, nitakuambia la kufanya, maana watu wale nao wana watoto.

Kile kinu, nunua kingine. Cha mti kinakunywa kila kitu unachokitwanga ndani, na mdogo wenu anapenda pilipili kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo.